Volti 6, volti 24 au dizeli: kuchagua gari la zamani la kijeshi la kuwaka kwenye baridi kali

Wengi wanaotafuta gari la zamani la kijeshi huanza na sura. Huyu ana hamu ya Willys MB, jipu la Vita Kuu ya Pili, yule anataka Dodge M37 ya enzi za vita vya Korea, mwingine kashapenda Unimog 404. Lakini kama unaishi mahali ambapo majira ya baridi hushuka hadi nyuzi 25 au 30 za Selsiasi chini ya sifuri, mimi ningeanza na swali jingine kabisa: usiku gari litalala wapi, na hapo litakapolala pana umeme wa ukutani? Jibu lake ndilo linaloamua volti ya kuchagua, hita ya kufunga na hata paa la kuweka.

Injini ya zamani yenye afya, ikishapashwa joto, huwaka hata kama betri yake si kali. Injini iliyoganda hukataa hata ukiiletea betri iliyotoka dukani leo. Betri ya risasi na asidi ikifika nyuzi −18 hubaki na takriban nusu ya nguvu zake, pengine pungufu, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito kiasi kwamba stata inadaiwa nguvu maradufu. Majeshi yalilijua hilo. Baada ya vita, jeshi la Marekani lilitaka magari yake yafanye kazi hadi nyuzi −32 bila nyongeza yoyote, na kuanzia hapo hadi −54 yafungwe seti maalumu: hita ya kupasha injini, hita ya abiria, mfuniko mzito wa boneti na rejeta, na kibanda cha kufunika dereva. Betri peke yake haikuachiwa kazi hiyo hata na watu waliokuwa na ghala zima la betri.

Volti 6: Willys MB, Ford GPW na ndugu zao

Willys MB na pacha wake Ford GPW, yaliyotengenezwa kati ya 1941 na 1945, yana injini ya silinda nne ya lita 2.2 yenye nguvu farasi 60. Ni injini rahisi, mgandamizo wake ni mdogo, na fundi yeyote mwenye subira anaifungua na kuifunga. Vipuri vipya vingali vinatengenezwa hadi leo, kuanzia pistoni hadi bodi nzima. Kwa upande huo hakuna gari la zamani la kijeshi linaloishinda.

Umeme wake ndio unaoleta maneno. Tuseme stata inavuta ampea 300 kwenye mfumo wa volti 6, na nyaya pamoja na viungio vyake vina ukinzani wa omu 0.002 tu. Umepoteza volti 0.6, yaani asilimia 10 ya ulichokuwa nacho, kabla stata haijaanza kazi. Kazi hiyohiyo kwenye volti 24 inahitaji ampea 75, na ukinzani uleule unakula volti 0.15, ambayo haifiki hata asilimia moja. Hasara ni ndogo mara 16. Ndiyo maana kutu kidogo kwenye kishikio cha betri, ambayo gari la volti 24 halitaihisi, inatosha kuilaza Willys.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu volti 6, pima. Chukua mita, weka ncha moja juu ya nguzo ya betri yenyewe (siyo kwenye kishikio chake), na nyingine kwenye boliti ya stata inapoingia waya. Mwambie mwenzako apige stata. Mita itakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Ikizidi robo volti, kuna kazi ya kufanya. Rudia upande wa ardhi, kutoka nguzo ya pili ya betri hadi kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo ndipo wengi wanaumbuka, kwa sababu gari lililokarabatiwa vizuri limepakwa rangi kila mahali, na rangi haipitishi umeme. Kwaruza hadi chuma king'ae, paka grisi ya betri, funga upya. Nyaya nazo ziwe nene kwelikweli, za milimita za mraba 50 hadi 70. Nyaya zinazouzwa kwa magari ya volti 12 ni nyembamba mno kwa kazi hii, ingawa kwa macho zinapendeza.

Kuna wanaoweka betri ya volti 8. Siipendi. Stata inazunguka kwa furaha, lakini usipopandisha kipimo cha regyuleta betri haijai kamwe, na ukikipandisha unachoma balbu. Kuhamia volti 12 ni ukarabati mkubwa zaidi ila una mantiki yake: unabadili jenereta au kufunga altaneta, unabadili koili na balbu zote, na geji za umeme zinahitaji vipunguza volti. Stata ya volti 6 kwa kawaida hustahimili volti 12 ikipigwa kwa muda mfupi, isipokuwa meno ya gia yake yanaligonga gurudumu la injini kwa kishindo, na siku moja utayalipia. Faida yenyewe ni kwamba hita zote za kisasa zinazochoma mafuta zinataka volti 12 au 24. Mwenye volti 6 anayeitaka hita hiyo lazima abebe betri ya pili ya peke yake.

Volti 24: M38, M38A1, M37, Unimog

Kuanzia mwaka 1950 Marekani ilihamia volti 24 na mfumo wa kuwasha uliofungwa usipitishe maji. M38, jipu lililoirithi Willys MB, ilitoka 1950, M38A1 ikafuata 1952, na M37, pikapu ya Dodge ya silinda sita, ilianza 1951. Kanada ilijitengenezea matoleo yake, M38CDN na M37CDN miongoni mwao, na anayenunua huko huyakuta kwa urahisi kuliko yale ya jirani. Unimog 404, iliyotengenezwa kuanzia 1955 hadi 1980 na ambayo mnunuzi wake mkuu alikuwa jeshi la Ujerumani Magharibi, nayo ni ya volti 24, yenye injini ya petroli ya silinda sita ya lita 2.2.

Kwa gari linalolala nje pasipo umeme, hili ndilo kundi langu. Stata ina nguvu, nyaya zinasamehe, na hita ya volti 24 inafungwa moja kwa moja. Mengi yana soketi ya kijeshi ya kuchukulia umeme kutoka gari jingine kwa kebo nene. Ila soketi hiyo inakusaidia tu ukiwa na rafiki mwenye gari kama lako, maana magari ya raia ni ya volti 12. Ukikwama peke yako, kumbuka kwamba M37 ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano: zitenganishe, uchaji moja baada ya nyingine kutoka gari la kawaida.

Kosa moja ninaliona kila mara kwenye magari ya aina hii yanayouzwa. Mwenye gari alitaka redio au hita ndogo ya volti 12, akachomoa umeme kutoka betri moja kati ya mbili. Mwanzoni hakuna tatizo. Kadiri siku zinavyokwenda, betri iliyochomolewa inabaki na njaa na mwenzake anachajiwa kupita kiasi. Sasa lete baridi: betri iliyojaa haigandi hadi karibu nyuzi −57, lakini iliyokwisha chaji huganda kwenye nyuzi −10 hivi, ikapasuka. Mtu anafungua kisanduku asubuhi anakuta betri moja nzima na nyingine ina ufa. Ukienda kukagua gari la volti 24, fuata kila waya uliopachikwa baadaye. Unaotoka katikati ya betri mbili, ung'olewe, pafungwe kibadilishi cha volti 24 kwenda 12.

Kati ya M37 na Unimog, uamuzi unategemea ardhi. Unimog ina ekseli zilizonyanyuliwa kwa gia za kwenye magurudumu, hivyo tumbo lake liko juu ya theluji ambayo M37 ingeisukuma kwa difu (kibumba cha gia katikati ya ekseli), na ina loki za difu mbele na nyuma. Gharama yake ni kwamba kila gurudumu lina oili yake ya kubadilisha, na mabaki ya maji kwenye oili hiyo hugeuka barafu. M37 ni gari la polepole na lisilo na ujanja, lakini umbo lake la ndani ni la kazi, na sehemu zake unazifikia bila kujikunja.

Dizeli

Hapa sitakaa sana. M35A2, lori la tani mbili na nusu lenye injini ya lita 7.8 inayokubali mafuta ya aina nyingi, linapendwa na ni imara. Kwenye baridi kali linakutwika mizigo miwili zaidi. Wa kwanza ni mafuta yenyewe: dizeli ya majira ya joto huanza kutoa nta kwenye nyuzi chache tu kandokando ya sifuri na kuziba chujio, kwa hiyo unahitaji dizeli ya baridi au kuchanganya na mafuta ya taa, jambo ambalo injini hii kwa bahati nzuri hailalamikii. Wa pili ni breki zake zinazosaidiwa na upepo. Maji yanayojikusanya kwenye matangi ya upepo huganda kwenye vali, hivyo matangi yamwagwe kila baada ya safari, si kila unapokumbuka.

Na etha, ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, isikaribie lori hili. Injini ina kifaa cha moto kwenye manifoldi kinachopasha hewa wakati wa kuwasha, na etha ikikutana na moto huo inalipuka palepale. Nisipokuwa na sababu ya kubeba mzigo, nisingechagua dizeli.

Hita: hapa ndipo pesa iende

Kama gari linalala penye umeme, ushindani umekwisha. Hita ya umeme ni rahisi, haichomi chochote, na inamfanya mwenye Willys ya volti 6 alingane na mwenye M37. Aina ni kadhaa. Ile inayopachikwa mahali pa kizibo cha bloku hupasha maji ndani kwa ndani, lakini uhakikishe ipo inayolingana na bloku yako kabla ya kuagiza. Inayofungwa kwenye mpira wa maji huingia karibu gari lolote. Iweke chini kabisa, kwa sababu maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na ukiikosea urefu maji hayatazunguka. Pedi ya kubandika chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) hupasha oili, na kwenye injini yenye oili nzito mimi ningeifunga pamoja na mojawapo ya zile mbili. Saa tatu au nne kabla ya kuwasha zinatosha. Weka swichi ya saa, usiiache usiku kucha.

Pasipo umeme kuna njia tatu: hita asili ya kijeshi, hita mpya inayochoma mafuta, au mikono yako.

Hita asili za petroli, kama zile za Stewart-Warner, ndizo zinazompa mkarabati sifa kwenye maonyesho. Za abiria zilizozoeleka zilikuwa za BTU 20,000 kwa saa, karibu kilowati 6, joto la kutosha kuivusha kabini ya turubai. Lakini chumba cha moto ndani yake ni bati jembamba lenye umri wa babu, na likipata ufa moshi unapita moja kwa moja kwenye hewa unayoivuta. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Anayeitaka hita hiyo ifanye kazi aifungue, akikague chumba chake cha moto kwa mgandamizo wa hewa, na aweke king'ora cha kaboni monoksidi kwenye kabini. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo aifunge kama pambo na asiiunganishe mafuta. Sitanii kwenye hili.

Hita mpya ya maji, ya Webasto au Eberspächer kwa mfano, inachoma mafuta kidogo (ya kilowati 5 hutumia kama lita 0.6 kwa saa ikiwa kwenye kasi kamili) na inazungusha maji ya moto kwenye injini na kwenye hita ya kabini kwa pamoja. Inaingia kwenye kisanduku cha vifaa na haionekani. Kwa M37 au Unimog inayolala nje, ndiyo ningeinunua kabla ya rangi mpya na kabla ya viti. Angalia toleo: la dizeli halichomi petroli, kwa hiyo kwenye gari la petroli ununue la petroli au uweke tangi dogo la pekee. Na hita uiwashe mara moja moja hata wakati wa joto, la sivyo inaziba.

Njia ya mikono ndiyo ya kale. Askari walimwaga maji na oili jioni, wakaviweka penye joto, wakavirudisha asubuhi. GAZ-69 ya Kisovieti ilikuja na mfumo wa kupasha maji ya injini kwa taa ya kuchomea, yaani moto wazi kando ya gari la petroli, na waliouzoea waliutumia bila wasiwasi. Kwa mtu wa leo sehemu moja ya desturi hiyo bado ni dhahabu: ng'oa betri uingize ndani ya nyumba. Betri yenye joto la chumbani kwenye Willys ya volti 6 inabadilisha asubuhi nzima, na haigharimu chochote isipokuwa mgongo.

Oili na maji

Oili ya injini ni rahisi kuchagua ukijua namba zinamaanisha nini. Oili ya 15W hupimwa uwezo wa kusukumwa na pampu kwenye nyuzi −25, ya 10W kwenye −30, ya 5W kwenye −35 na ya 0W kwenye −40. Kwa baridi ya −30 weka 5W-30 na uishie hapo. Tahadhari ni moja: injini ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi ina tope chini ya sampu, na oili ya kisasa yenye sabuni hulibomoa tope hilo na kulipeleka kwenye matundu ya oili. Fungua sampu, safisha, ndipo ubadilishe.

Giaboksi inasahaulika. Oili ya 80W-90 kwenye nyuzi −30 haimiminiki, na stata inayopigwa bila kukanyaga klachi inazungusha injini pamoja na gia zilizozama humo. Kanyaga klachi hadi chini unapowasha, kisha iachie taratibu sana. Oili ya 75W ya daraja la GL-4 inafaa zaidi kuliko GL-5 kwenye giaboksi zenye sehemu za bronzi, kama ya Willys, kwa sababu GL-5 nyingi zina salfa inayoila bronzi.

Kwa maji ya rejeta, nusu kwa nusu ya ethilini glaikoli hukufikisha karibu −37, na asilimia 60 hufika karibu −52. Usiende mbali zaidi ya hapo ukidhani unajilinda: glaikoli tupu huganda karibu −13. Weka pia themostati nzima, na funika rejeta kwa kitambaa kizito chenye mlango wa kukunja. Injini isiyopata joto huchafua oili yake kwa petroli na maji.

Kwenye breki, mafuta ya DOT 5 ya silikoni hayali rangi na hayanyonyi maji, na jeshi la Marekani liliyahamia. Kasoro ni kwamba maji yakiingia hayachanganyiki nayo, yanakaa kwenye sehemu ya chini na kuganda hapo. Gari lililofunguliwa breki zote na kujengwa upya likauke, DOT 5 ni sawa. Ambalo hujui historia yake, DOT 4, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Ukiegesha penye unyevu, acha gari kwenye gia badala ya breki ya mkono, maana breki ya mkono iliyolowa hung'ang'ania hadi jua litoke.

Turubai au bodi ngumu

Turubai ni nzuri machoni na mbaya kila mahali pengine. Kwenye nyuzi −25 inakakamaa, na madirisha yake ya plastiki yanavunjika ukijaribu kuyakunja, kwa hiyo liweke kabla baridi haijaanza na usiliguse hadi iishe. Kwa safari fupi na hita nzuri linatosha. Anayeendesha kila wiki atafute bodi ngumu ya baridi iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lake, au aitengeneze kwa mbao na bati kwa kufuata picha za zamani. Zipo nyingi zilizotengenezwa kambini kwa mikono na hakuna mwamuzi wa maonyesho atakayezibeza. Kioo cha mbele kipate hewa ya moto ya moja kwa moja. Bila hivyo pumzi ya watu wawili inakiganda kwa ndani ndani ya dakika chache.

Ikiwa theluji ni ya kina

Tairi za kijeshi za mtindo wa zamani, zile zenye makucha yaliyonyooka yasiyo na mwelekeo, zinajitahidi kwenye matope na theluji laini lakini kwenye barafu ni balaa. Ama ufunge tairi za baridi za saizi ileile, ama minyororo kwenye magurudumu yote manne, ukikagua kwanza kwamba minyororo haigusi mabomba ya breki usukani ukikatwa hadi mwisho.

Pale ambapo hata minyororo inashindwa, linabaki gari la nyororo, yaani linalotembea kwa mikanda kama kifaru badala ya magurudumu. M29 Weasel ya Studebaker, iliyobuniwa 1942 kwa ajili ya mashambulizi ya thelujini nchini Norwe, ilikuja kuwa mtumishi wa wanasayansi: msafara wa Wanorwe, Waingereza na Waswidi uliitumia Antaktika kati ya 1949 na 1952. Ni gari la kupendeza na la kuhuzunisha mfuko, kwa sababu nyororo zake nzuri zimeadimika. Kama hamu yako ni theluji kuliko historia ya vita, Bv 202 ya Volvo ya miaka ya 1960 na 1970, au Bv 206 iliyoifuata, ni rahisi zaidi kuitunza. Lakini kabla ya kulipia gari lolote la aina hii, lala chini yake na tochi na ukague nyororo zote, pande zote mbili; ukikuta mipira imepasuka hadi kwenye kamba zake za ndani, bei unayotajiwa si ya gari, ni ya mtaji wa kuanzia.